Mwisho wa Laini: Hesabu za Darasani na Umeme wa Ndalambo

Mwaka 2024 kila mwenye mita ya LUKU nchini Tanzania, kuanzia Masaki hadi Momba, alikutana na jambo ambalo hakulizoea. Aliponunua umeme hakupata zile tarakimu 20 za kila siku. Alipata makundi matatu ya tarakimu 20, akatakiwa kuyaingiza moja baada ya jingine kwa mpangilio wake, na aliambiwa kazi hiyo ifanyike kabla ya tarehe 24 Novemba. Wengi waliona usumbufu tu. Chanzo chake kilikuwa hesabu ambayo mwanafunzi wa uhandisi wa umeme huikuta mapema kabisa, anapofundishwa saketi za kidijitali. Kila tokeni ya umeme, yaani hizo tarakimu 20, hubeba ndani yake wakati ilipotolewa, nao huhesabiwa kwa dakika tangu Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, basi. Zigawanye kwa dakika za mwaka mmoja utapata karibu miaka 32, na mwisho wake ndio hiyo Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza yalibadilisha ufunguo wa siri wa mita na kuihamishia kwenye hesabu mpya inayoanzia 2014, ambayo nayo itafika ukomo 2045. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na uniti. Uamuzi mdogo uliofanywa mezani na wahandisi wa miaka ya nyuma, wa biti ngapi zitengwe kwa ajili ya saa, ukaja kumfikia kila mwenye nyumba, mita kwa mita.

Naanza na mita hiyo kwa sababu inasaidia kujibu swali linaloulizwa sana siku hizi kuhusu shahada ya uhandisi wa umeme: zile hesabu zote za saketi na mawimbi zina kazi gani? Wazazi wanauliza, waajiri wanauliza, na wanafunzi wenyewe wanauliza wakiwa wamekesha na milinganyo. Jibu linalopendwa ni kwamba nadharia ipunguzwe, vitendo viongezwe, kijana atoke chuoni akijua kufunga nyaya. Naamini jibu hilo linakata mahali pasipopaswa kukatwa. Nadharia ya saketi na mawasiliano ndiyo sehemu ya shahada hiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wa pembezoni, na kadiri unavyokwenda mbali na kituo cha umeme au mnara wa simu ndivyo inavyohitajika zaidi. Mjini, hatua chache kutoka kwenye transfoma, kosa la hesabu humezwa lisionekane. Katika kata kama Ndalambo, wilayani Momba, mkoani Songwe, ambako laini zinarefuka na nyumba zimeachana, kosa hilo hilo linaonekana kwenye taa, kwenye mashine ya kusaga na kwenye simu.

Mfululizo wa masomo yenyewe haufichiki. Iwe ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Uhandisi kilianza 1973, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilicho jirani zaidi na Songwe, mwanafunzi huanza na kanuni ya Ohm ya 1827 na sheria mbili za Kirchhoff za 1845: mikondo inayoingia kwenye kiungo ni sawa na inayotoka, na volteji za mzunguko mmoja zikijumlishwa jibu ni sifuri. Baada ya hapo huja mkondo geu na fazori, kisha transfoma na mota. Upande wa mawasiliano kuna Fourier, modulesheni, antena, kelele, na nadharia ya habari iliyoandikwa na Claude Shannon mwaka 1948. Vitabu vya masomo hayo vinafanana kutoka Iyunga, kilipo MUST, hadi Tokyo, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia, kwamba mtoto wa mkulima wa mahindi anafundishwa mambo ya watu wa mbali.

Tuyapeleke basi kijijini tuone. Chukua laini ndogo ya waya za alumini zenye unene wa milimita 50 za mraba, inayotoka kwenye transfoma na kwenda kilomita moja. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa karibu ohmu 0.64 kwa kilomita, na mkondo unapokwenda na kurudi hukutana na ohmu 1.28. Nyumba za mwisho, jioni watu wakipiga pasi na kuwasha televisheni, zikivuta jumla ya ampia 20 kutoka fezi moja, kanuni ya Ohm inasema volti 26 zitapotelea njiani. Zilizotoka kwenye transfoma 230 zitafika 204. Huo ndio watu wanaouita umeme mdogo. Kwa kuwa nguvu ya kifaa cha joto hufuata mraba wa volteji, pasi ya wati 1,000 itatoa chini kidogo ya wati 800, na mwenye nyumba atadhani pasi imechoka. Sasa ije sheria ya kwanza ya Kirchhoff. Kama laini hiyo ni ya fezi tatu, na zile ampia 20 zikagawanywa sawasawa, kila fezi itabeba chini ya ampia 7. Mikondo mitatu iliyopishana theluthi ya mzunguko hufutana inapokutana kwenye waya wa nyutro, hivyo nyutro haibebi kitu, na upotevu unashuka kutoka volti 26 hadi kama 4. Nguzo ni zile zile, waya ni ule ule, transfoma haikuongezwa. Kilichobadilika ni nani ameunganishwa kwenye fezi ipi. Fundi anayepanda nguzo na kumuunganisha mteja mpya kwenye fezi iliyo karibu na mkono wake hajavunja kanuni yoyote inayoonekana kwa macho, lakini nyumba kumi zilizo mbele yake zimelipia.

Kwenye mashine ya kusaga mambo yanakuwa mazito zaidi, na hapa ndipo somo la fazori, ambalo wanafunzi wengi huliona la kufaulia mtihani tu, linapoonyesha thamani yake. Mota ya fezi tatu ya kilowati 15 huvuta karibu ampia 28 ikiwa kazini. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta takriban mara sita, tuseme ampia 170, kwa sekunde kadhaa. Iweke mita 500 kutoka kwenye transfoma, ambako kila waya una ohmu 0.32. Hesabu ya haraka ya sekondari inatoa kushuka kwa volti 54 kwa kila fezi, na mtu akiishia hapo ataagiza waya mnene wa gharama kubwa. Lakini mkondo wa kuwasha mota huchelewa sana nyuma ya volteji, kwa hiyo volti hizo haziondolewi moja kwa moja kutoka kwenye 230. Zinaondolewa kwa pembe. Mwanafunzi aliyeielewa fazori atapata kushuka kwa karibu volti 27 endapo waya zimesokotwa pamoja kwenye kebo moja ya juu. Waya zikiwa wazi na zimeachana kwenye vikombe, sumaku inayozizunguka huongeza kizuizi kingine, na jibu linapanda hadi kama volti 43. Kwa hiyo umbali kati ya waya na waya, jambo ambalo mpita njia hawezi hata kuligundua, ndio unaoamua kama taa za jirani zitafifia kidogo au zitakaribia kuzimika kila mashine inapowashwa. Ndipo unapoelewa pia kwa nini wenye mashine hufungiwa stata ya nyota-delta, inayopunguza mkondo wa kuwasha hadi theluthi, na kwa nini fundi husisitiza mashine iwashwe tupu: nguvu ya kuzungusha nayo imepungua hadi theluthi, na mahindi yakiwa tayari ndani, mota itanguruma bila kushika kasi mpaka iungue. Fundi anajua kwamba iwashwe tupu. Mhandisi anapaswa kujua ni kiasi gani cha mzigo kingeweza kubaki ndani, kwa volteji ipi, na kwa urefu upi wa laini.

Kuna mfano mkubwa zaidi unaopita mkoa huu huu. Mradi wa kuunganisha gridi ya Tanzania na Zambia, unaojulikana kama TAZA, unajenga njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, urefu wa kilomita zipatazo 620, na Tunduma ndipo mahali pa kuvukia kwenda ng'ambo. Umeme wa hezi 50 una urefu wa wimbi wa kilomita 6,000. Njia ya kilomita 620 ni sehemu ya kumi ya wimbi hilo, na hapo saketi za mwaka wa kwanza, zinazochukulia kwamba mkondo ni mmoja waya mzima, hazitoshi tena. Inabidi kutumia milinganyo ya mawimbi ambayo Oliver Heaviside aliitunga katika karne ya 19 kwa ajili ya nyaya za telegrafu, yaani kwa ajili ya mawasiliano. Milinganyo hiyo inatoa jibu linalopingana na yote tuliyoyaona kijijini. Njia hiyo ingekuwa moja isiyokatizwa na vituo, isiyo na mzigo wala riakta za kuidhibiti, volteji ya mwisho wake isingeshuka. Ingepanda kwa karibu robo, kutoka kilovolti 400 hadi kama 500, na vifaa vya mwisho vingepasuka bila mtu yeyote kuwa ameutumia umeme wenyewe. Ndiyo maana vituo vya njia ndefu hufungwa riakta. Katika mkoa mmoja, basi, laini ndogo ya Ndalambo inashusha volteji mwishoni na laini kubwa ya Tunduma ingependa kuipandisha, na anayeujua upande mmoja kwa mazoea tu atakosea upande wa pili kwa kujiamini kabisa. Mazoea hayamwambii mtu kanuni yake inakomea wapi. Nadharia ndiyo inayomwambia.

Jambo la Heaviside lina faida nyingine: linaonyesha kwamba saketi na mawasiliano ni somo moja lililokatwa vipande viwili kwa ajili ya ratiba. Tazama mnara wa simu wa kijijini. Mitambo yake hutumia umeme wa moja kwa moja wa volti 48, kutoka gridi, jua au jenereta, na betri zikiwa katikati. Betri zikiisha, mnara unazimika. Mnara ukizimika, hakuna pesa ya simu, na asiye na pesa ya simu hawezi kununua tokeni ya umeme akiwa nyumbani. Mita yenyewe, kwa wengi, haijaunganishwa na mtandao wowote. Ujumbe huifikia kwa vidole vya mtu kwenye vitufe. Tokeni ina biti 66, na biti 66 haziwezi kuandikwa kwa tarakimu pungufu ya 20, ndiyo maana ziko 20. Biti 16 kati ya hizo zipo kwa kazi moja tu: kukagua kama ujumbe umefika bila kosa, ili anayekosea tarakimu moja gizani akataliwe na mita badala ya kupewa uniti zisizo zake. Hiyo ni nadharia ya mawasiliano katika hali yake safi kabisa, na chaneli yake inapita kwenye kidole cha binadamu.

Jiografia ya Momba nayo ina maswali yake. Wilaya ina uwanda wa juu na ina bonde la Ziwa Rukwa lililo chini sana. Mnara ulio juu unaweza kuona mbali mno ndani ya bonde, lakini walio chini kabisa ya mteremko, karibu nao kwa ramani, wako kwenye kivuli cha mteremko huo. Halafu kuna kikomo ambacho hakihusiani na nguvu ya mawimbi hata kidogo. Simu za kizazi cha pili hugawana masafa kwa zamu, kila simu ikipewa kipande cha muda cha sehemu 577 za milioni ya sekunde moja. Simu iliyo mbali huanza kutuma mapema kidogo ili ujumbe wake ufike kwenye zamu yake, na mfumo umeruhusu hatua 63 za kuwahi, kila hatua sawa na karibu mita 550. Zidisha utapata kilomita 35. Mtu aliye kilomita 40 kutoka kwenye mnara, mahali palipo wazi, anaweza kuona alama za mtandao zimejaa kwenye kioo na bado simu isitoke. Atazungusha simu, ataizima na kuiwasha, atanunua laini nyingine. Kuongeza nguvu ya mnara hakutamsaidia kitu, kwa sababu tatizo lake ni kasi ya mwanga na idadi ya hatua zilizotengwa. Kizazi cha nne kiliruhusu umbali wa hadi karibu kilomita 100, lakini kwa mwenye kitochi hilo halijabadilisha lolote. Kampuni au serikali ikitaka kuamua mnara mpya wa vijijini ujengwe wapi, mwenye kulijua jambo hili ataokoa fedha nyingi kuliko mwenye kujua kupanda mnara.

Wanaopinga wana hoja, na ya kwanza ina uzito. Wanasema mhitimu wa shahada anafika kazini hawezi kufanya kile ambacho kijana wa VETA anakifanya akiwa amefumba macho. Mara nyingi ni kweli. Lakini EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ina leseni za mafundi wa umeme kwa madaraja tofauti, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ina mpango wake wa miaka mitatu ya mafunzo kazini baada ya shahada, kwa sababu nchi ilishatambua kwamba hizi ni kazi mbili zinazotegemeana. Kumfundisha mtu kwa miaka minne kazi ya fundi ni kumnyang'anya fundi ajira na kuiacha kazi ya mhandisi bila mwenyewe. Atakayekaa na orodha ya wateja wa transfoma nzima na kusema wahamishwe fezi hawa na hawa ni nani? Kishoka anayeunganisha umeme usiku kwa malipo ya haraka hakosi ujuzi wa mikono. Mikono anayo.

Wapo wanaosema vifaa vyote vinatoka nje vikiwa vimeshapigiwa hesabu, na kompyuta zina programu za kumalizia kilichobaki. Vifaa vingi vinatoka nje, sawa. Ardhi haitoki nje, wala radi za nyanda za juu kusini, wala saa ambayo wanakijiji wa Ndalambo huwasha pasi, wala mwaka ambao kijiji kitaongeza mashine ya tatu ya kusaga. Programu itapiga hesabu ya laini yoyote utakayoichora, hata ukikosea ukaiambia mota imeunganishwa kwenye fezi moja. Itatoa jibu lenye desimali sita. Kulikataa jibu hilo kunahitaji mtu ambaye angeweza kulikadiria kwa kalamu.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua, na sitalipuuza. Linasema nadharia inayotetewa hapa sio inayofundishwa. Mwanafunzi ananakili milinganyo, anakariri maswali ya miaka iliyopita, anafaulu, na hajawahi kuona volteji ikishuka kwa macho yake. Maabara zina benchi chache na vikundi vikubwa, mmoja anapima, wengine wanaandika namba zake. Anayesema hivyo anaeleza ugonjwa halisi. Hata hivyo, dawa yake ni kuipa nadharia ushahidi. Mwanafunzi aliyekariri fazori bila kupima mota hawezi kuponywa kwa kufutiwa fazori, maana atabaki na mota asiyoielewa. Muda nao ni mfinyu, na kitu lazima kipungue. Ningepunguza mitihani ya kukumbuka ufafanuzi, na maabara zile ambazo jibu lake linajulikana kabla swichi haijawashwa.

Nafasi ya kufanya hivyo tayari ipo kwenye ratiba. Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi hutumwa kwenye mafunzo kwa vitendo, na wengi hukimbilia Dar es Salaam, kwenye ofisi kubwa, ambako hukaa wakitazama wengine wakifanya kazi. Kutoka MUST hadi Tunduma ni kama kilomita mia moja za lami. Kundi la wanafunzi wanne, likiwa na kibali cha TANESCO, fundi mwenye leseni wa kuwasimamia, klampu ya kupimia mkondo na daftari, linaweza kuchukua transfoma za kata moja na kupima fezi zote tatu na nyutro kila jioni kati ya saa 12 na saa 4 usiku, transfoma kwa transfoma, kisha kupima volteji kwenye nyumba ya mwisho ya kila laini. Nyutro inayobeba mkondo mwingi inatangaza yenyewe kwamba fezi hazijagawanywa sawa. Wanafunzi wangepiga hesabu, wangependekeza wateja wa kuhamishwa, na baada ya mafundi kuwahamisha wangepima tena. Wenzao wa mawasiliano wangetembea na simu mbili na ramani kutoka uwandani hadi bondeni, wakiandika mahali alama zilipokuwa zimejaa na simu ikakataa, kisha wangegawanya maeneo hayo kati ya kivuli cha mteremko na kikomo cha kilomita 35. Namba hizo zingeandikwa mara mbili: nakala moja chuoni, isahihishwe kama kazi ya mwaka, na nyingine katika ofisi ya TANESCO ya wilaya na kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku za minara ya vijijini. Mwaka unaofuata kundi jingine lianzie hapo, kwenye kata ya jirani, likiwa na vipimo vya wenzao mkononi na ruhusa ya kuvipinga.